Dahalia, kwa ami au chumba cha kupanga: kwa wanaovuka kutoka Pemba kwenda kusoma Unguja

Kila yanapotoka majina ya waliochaguliwa vyuoni, simu yangu hailali. Wanaopiga ni wazazi wa wanafunzi niliowasomesha hapa Wete, na mara nyingi hawaniulizi habari ya kozi wala ajira. Wanauliza: "Mwalimu, sasa huyu akakae wapi?" Mtoto mwenyewe hungoja mzee wake aondoke, ndipo aniulize kwa sauti ya chini: "Na mimi nitaweza kweli?"

Kwangu mimi maswali hayo mawili yanakwenda pamoja. Pahala unapolala panaamua kwa kiasi kikubwa kama utakula, kama utapata usingizi, na kama utafungua daftari ukiwa na nguvu au umeshachoka. Mimi nimekaa kote: mwaka wa kwanza kwa ami yangu mjini, wa pili chumba cha kupanga Tunguu, wa tatu dahalia, yaani bweni la chuo. Baadaye nikawavusha wadogo zangu wawili, na wanafunzi ambao idadi yao siikumbuki tena. Nayaandika haya kwa kijana anayevuka kwa mara ya kwanza, na kwa wazee wake wanaolala macho wakihesabu fedha.

Kuna swali moja ninalipimia makazi yote: siku usipoamka, nani atagundua kabla ya adhuhuri? Kodi, ukubwa wa chumba na umbali wa chuo vyote vina uzito wake, lakini vije nyuma ya swali hilo.

Bahari iliyo katikati

Mtoto wa Makunduchi au wa Mkokotoni anayesoma Tunguu akizidiwa na hamu ya nyumbani, Alkhamisi jioni hupanda gari, na Ijumaa akasali msikiti wa kwao. Wa Pemba hana njia hiyo. Kati ya visiwa hivi pana kiasi cha kilomita 50 za bahari. Kutoka bandari ya Malindi, Unguja, mpaka Mkoani, Pemba, boti ya mwendo kasi huchukua kama saa mbili na nusu au tatu, bahari ikiwa shwari, na ikiwa kwenu ni Wete au Konde bado una safari ya gari ya kukipita karibu kisiwa kizima. Kusi ikikaza, wapo wanaoshuka Mkoani hawana hata nguvu ya kubeba mkoba wao.

Na iko hofu. Alfajiri ya tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama Nungwi ikielekea Pemba, imejaza watu kupita kiasi. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 18 Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe. Vijana wanaovuka sasa walikuwa wadogo sana wakati ule, lakini wamekulia ndani ya hofu ya wazee wao. Mama yangu hadi leo, nikiwa safarini, hakai kitako mpaka nimpigie kwamba nimeshashuka. Mzazi wa namna hiyo hamwambii mtoto wake "njoo wikiendi hii upumzike". Humwambia "vumilia, likizo haiko mbali".

Kwa hivyo pahala utakapokaa Unguja patabeba uzito wote wa nyumbani kwa miezi mitatu, minne, mitano. Si pa kuwekea sanduku tu, na ndiyo maana nasema pachaguliwe kwa umakini ule ule uliotumika kuchagua chuo.

Kwa jamaa

Hapa ndipo wazee wengi wanapoanzia. Ami yuko Mwanakwerekwe, khaloo yuko Fuoni, shangazi yuko Bububu. Itakuwaje mtoto akalale kwa watu? Gharama ni ndogo, chakula kipo, macho ya kumtazama yapo. Na kwa lile swali langu la kugundua, nyumba ya jamaa inazishinda zote: usipotokea kunywa chai, utakuja kugongewa mlango.

Kabla ya yote, angalia jamaa yuko wapi na kampasi iko wapi. SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, peke yake ina kampasi zaidi ya moja: makao makuu yako Tunguu, na nyengine iko Beit el Ras. Chuo Kikuu cha Zanzibar nacho kiko Tunguu, chuo kikuu cha SUMAIT kiko Chukwani, Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Karume iko Mbweni. Shangazi wa Bububu ni neema kwa anayesoma Beit el Ras. Gari ya 502 inampitisha hapo hapo. Kwa anayesoma Tunguu, shangazi yule yule ni magari mawili kwenda na mawili kurudi kila siku, na jioni magari yanajaa watu mpaka mlangoni. Uchovu wa njiani huingia mwilini kidogo kidogo, na kufikia mwezi wa tatu kijana anasinzia darasani na hajui kwa nini.

Mimi nilifika kwa ami na sanduku moja na pakacha la shokishoki. Nilipokewa kama binti wa nyumba, na sikumbuki hata siku moja niliyosemeshwa vibaya. Yaliyonichosha hayakutoka kwa ubaya wa mtu.

La kwanza lilikuwa ni nguo. Ami ana watoto watatu wa kiume, wakubwa, na hao si maharimu zangu. Kwetu Wete nikivuka mlango tu navua buibui na kubaki na kanga. Kwa ami nilikuwa na mtandio kichwani tangu alfajiri mpaka taa kuzimwa, mwaka mzima, na kwenda msalani usiku ni kujifunga upya. Sijawahi kusikia jambo hili likizungumzwa pale mtoto wa kike anapotafutiwa pa kukaa, na mimi mwenyewe nilikuwa naona haya kulitaja. Lakini mwili usiopata hata saa moja ya kujiachia huchoka kama uliobeba mzigo. Nilikuwa naumwa na mabega na sijui yanatoka wapi.

La pili ni kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hiyo ni haki na mimi sikuikataa. Nilikuna nazi, nikaosha vyombo, nikawapeleka wadogo chuoni kwa mwalimu wao wa Kurani kila alasiri. Tatizo ni kwamba kusoma kwa chuo kikuu hakuonekani. Kwa mtu ambaye hajapita huko, msichana aliyekaa na daftari amekaa bure, na aliyekaa bure hutumwa.

Wiki ya mitihani yangu ya mwanzo iliangukia harusi ya binti wa ami. Nyumba ilijaa wageni, wengine walivuka kutoka kwetu Pemba. Kitanda changu akapewa bibi mmoja mwenye maumivu ya miguu, nami nikalala kwenye mkeka ukumbini kati ya watoto, nasoma kwa tochi ya simu chini ya shuka huku muziki unapigwa uwanjani mpaka saa nane usiku. Ningesema nini? Ningemwambia nani asiolewe?

Na kuna njaa ya mtu anayekaa kwa watu, ambayo ni njaa ya peke yake. Chakula kipo jikoni, lakini mkono wako hauwezi kufunua sufuria. Unarudi kutoka Tunguu saa kumi na moja, wenzako wamekula saa saba, unaona haya kuuliza kama umewekewa. Mke wa ami alikuwa na mkono mwema: siku nyingi nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa kwa kawa, na kila nikiiona kawa ile kifua kilinifunguka. Siku ambazo kawa haikuwepo, nilikunywa maji nikalala. Hakuna aliyeninyima. Alisahau tu, kama anavyosahau mtu mwenye nyumba ya watu kumi na mmoja.

Kwa mtoto wa kiume mambo hubadilika sura. Yeye hulazwa ukumbini au banda la uani, na ukumbi haufungwi mpaka televisheni izimwe. Ndiye wa kutumwa dukani, sokoni, na bandarini kupokea mzigo. Mdogo wangu alikaa hivyo kwa mjomba wetu mwaka mmoja, na aliniambia kilichomchosha zaidi ni kutokuwa na pahala pa kuweka shati lake likabaki pale pale alipoliweka.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo lililokuwa zito. Kwa jamaa unatazamwa sana, lakini huulizwi. Ukilia, habari iko Wete kabla ya Isha, na mama hatalala. Kwa hivyo unajifunza kutolia. Nilikuwa nyumba ya watu kumi na mmoja na hakuna hata mmoja niliyeweza kumwambia kwamba nimefeli somo.

Dahalia

Waliopita dahalia za skuli, kama ya Fidel Castro au ya Utaani, huzoea haraka zaidi. Machozi yao wameshayamwaga wakiwa kidato cha kwanza au cha tano. Lakini wajue kwamba dahalia ya chuo haina kengele ya kulala wala mwalimu wa zamu wa kukuamsha.

Faida yake kubwa iko mwanzoni. Wiki za kwanza ndizo chungu, na dahalia hukuweka pamoja na watu wenye uchungu ule ule kwa wakati ule ule. Wanafunzi wangu hunisimulia habari moja kwa maneno tofauti: usiku wa kwanza au wa pili mtu analia kimya kimya kitanda cha juu akidhani yuko peke yake, kisha anasikia wa chini naye anavuta kamasi. Asubuhi wanakwenda kunywa chai pamoja na hakuna anayelitaja. Urafiki mwingi wa chuo umeanzia hapo.

Mimi niliingia dahalia mwaka wa mwisho, na nilichokipenda zaidi ni Ramadhani. Adhana ya magharibi kumkuta mtu mbali na mama yake ni jambo gumu mno. Mwaka uliotangulia, nikiwa chumba cha kupanga na mwenzangu hayupo, nilifuturu kwa tende tatu na maji nikiwa nimeelekea ukuta. Dahalia tulitandika mikeka ukumbini. Huyu kaja na muhogo wa nazi, huyu tambi, huyu mkate wa kumimina alioletewa na dada yake, huyu hana kitu ila uji. Alikuwepo wa Micheweni, wa Donge, wa Jambiani, na wawili wa Bara ambao ndiyo kwanza wanafunga Unguja. Daku tuliamshana mlango kwa mlango. Mwezi ule nililala kidogo kuliko mwezi wowote, na ndio mwezi niliokuwa na furaha kuliko wote.

Shida zake nazo ni za kweli. Kelele haziishi. Mmoja anasoma na taa saa nane za usiku, mwengine anaongea na simu mpaka saa tisa. Dahalia niliyokaa mimi maji yalikuwa yakikatika siku mbili tatu, na yakirudi usiku wa manane tunaamka wote kukinga ndoo. Kupika hakuruhusiwi, basi unakula cha kununua, na mwanafunzi mwenye haraka na fedha chache huishia chipsi mayai mchana na mkate na chai usiku. Vitu vidogo vinapotea: sabuni, chaja, kandambili. Na mtu anayehitaji kimya ili akili yake itulie, awe wa kike au wa kiume, dahalia inaweza kumvuruga kabisa. Namjua msichana aliyekuwa akijifungia bafuni dakika kumi kila jioni, haogi, anakaa tu.

Nafasi ni chache. Aliyepata barua ya chuo asisubiri mpaka wiki ya kufungua ndipo aombe kitanda.

Chumba cha kupanga

Mwaka wa pili nilitoka kwa ami nikapanga chumba Tunguu na shoga yangu wa Chake. Usiku wa kwanza tulifunga mlango kwa ndani, tukavua mitandio, tukalala chali sakafuni tukitazama dari, hakuna aliyesema neno kwa muda mrefu. Sitausahau usiku ule. Ninapowaambia wazee kwamba chumba kinampa mtoto raha, huwaza mambo mengine. Mimi nasema raha ya kutundika kanga yako msumarini na kuikuta pale pale.

Mwenye nyumba mara nyingi hutaka kodi ya miezi kadha kwa mkupuo, miezi sita si ajabu, kwa hivyo mwanzo ni mzito kuliko dahalia. Umeme ni wa Tukuza, wa kununua units kabla ya kutumia, na mkiwa wapangaji wengi kwenye mita moja, jueni nani ananunua lini kabla hamjaingia, maana ugomvi wa units umewavunja mashoga wengi. Na mkishaingia nendeni kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mkajitambulishe. Vijana hudharau jambo hili, lakini sheha ndiye mtu wa mtaani anayepaswa kujua kwamba nyumba ile wapo wasichana wawili wa Pemba.

Mwezi wa pili shoga yangu alipata msiba akavuka. Nikabaki peke yangu. Siku ya tatu nikaamka na homa, kichwa kinauma mpaka macho hayafunguki. Simu iliisha chaji na units zilikuwa zimekwisha. Kwenda dukani kununua ni hatua mia mbili, nami hata mlangoni sifiki. Nililala hivyo siku ile, na usiku wake, na siku ya pili. Nilikuwa nikisikia gari za Tunguu zinapita, makonda wanaita abiria, watoto wanakwenda skuli, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mlango ule una mtu.

Aliyenigundua ni deni. Palikuwa na bibi anayeuza vitumbua chini ya mwembe karibu na kituo cha gari. Nilikuwa nachukua viwili kila asubuhi, na wiki ile nilikuwa nakopa. Asubuhi ya siku ya tatu alimtuma mjukuu wake, mtoto wa miaka minane hivi, aje kuulizia fedha zake. Mtoto aligonga, akasukuma mlango ambao usiku sikuwa na nguvu ya kuufunga vizuri, akanitazama, akatoka mbio bila ya kusema kitu. Dakika chache baadaye bibi mwenyewe aliingia na kanga yake ya kiunoni bado ina unga. Alinishika paji la uso, akasema "mwanangu, huna mtu?", na hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu nilipovuka.

Alinipeleka kituo cha afya kwa gari ya jirani. Deni lile alilikataa mpaka namaliza chuo.

Tangu siku ile ndipo nilipoanza kuuliza swali langu la adhuhuri. Chumba cha kupanga kinafaa sana, lakini si cha kukaa mtu mmoja. Wawe wawili au watatu, na wanaojuana kabla. Nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo ni bora kuliko nyumba ya wapangaji watupu. Halafu mtu ajitahidi ajulikane mtaani kwa makusudi: anunue pahala pamoja, asalimie wazee wa barazani, kijana wa kiume asali pamoja na wenzake msikiti ule ule ili asipoonekana siku mbili imamu aulize.

Kwa wavulana nina hofu ya ziada na sitaificha. Chumba cha vijana wanne kisicho na mtu mzima karibu hugeuka haraka: usiku unakuwa mchana, mchana unalaliwa, darasa linakosekana wiki moja kisha mbili, na kwa kijana aliyekwisha kuvunjika moyo bangi haiko mbali, na unga hauko mbali na bangi. Mji wetu umewapoteza vijana wa kutosha kwa unga. Wapo wavulana wanaokaa vyumbani kwa heshima na kupika pilau ya Ijumaa nzuri kuliko ya dada zao, nawajua. Lakini mzee ajue nani na nani wanakaa pamoja, kwa majina na kwa wazee wao.

Ukiviweka bega kwa bega

Usingizi: chumba ni cha kwanza, dahalia ya mwisho. Kwa jamaa inategemea jambo moja, nalo ni kuuliza kabla ya kuvuka: kitanda cha mtoto kiko chumba chenye mlango, au ukumbini? Swali hilo linaonekana la utovu wa adabu. Mzee na aulize, kwa upole, kwa kuwa mtoto hawezi kuliuliza.

Chakula: kilicho bora kinapikwa kwa jamaa, ukiwahi. Chumbani, wawili wakichanga mchele, dagaa, nazi na mboga wanakula vizuri kwa gharama ndogo kuliko wote, na mchele uliobaki unabaki ndooni. Dahalia ndiyo ghali, kwa vile kila tonge lina bei. Tofauti hii huonekana zaidi pale fedha za mkopo zinapochelewa: wa chumbani ana akiba ya ndooni, wa kwa jamaa anakula na watu, wa dahalia anakunywa chai kavu na kusema amefunga.

Upweke haufuati idadi ya watu kama wengi wanavyodhani. Chumbani ulikuwa mkubwa pale mwenzangu alipoondoka tu. Kwa ami ulikuwa wa kila siku, mdogo mdogo, wa kutokuwa na wa kumwambia. Dahalia haukunipata, isipokuwa siku ya Idd, wa Unguja walipokwenda makwao na sisi wa Pemba tukabaki sita tukitazamana. Kwa siku hiyo ya Idd, mwenye ami mjini ana bahati kuliko wote.

Masomo yalikuwa mabaya kwa ami, mazuri chumbani, na dahalia yalikuwa mazuri wiki za mtihani tu, ambapo kila mtu anasoma na wewe unaona aibu kulala.

Na kubaki Pemba?

Wengine hawana haja ya kuvuka. SUZA ina kampasi huku Pemba, Mchanga Mdogo, na ikiwa kozi unayoitaka ipo, usiidharau kwa sababu tu marafiki zako wanapanda boti. Utakula kwa mama na utalala kitanda chako. Ila wazee wakubali kwamba mtoto aliye nyumbani ni mwanafunzi bado: msimu wa karafuu ukifika, asiwe wa kwanza kuitwa mkarafuuni siku ya mtihani. Nimeshuhudia hilo zaidi ya mara moja.

Ningekushauri nini

Kwa anayevuka mara ya kwanza, wa kike au wa kiume, ushauri wangu ni dahalia mwaka wa kwanza, na jamaa awe wa Ijumaa na wa Idd. Mwaka wa pili, ukishawajua watu na ukajua nani anaamka alfajiri na nani hulala na deni la watu, pangeni chumba wawili au watatu.

Kwa jamaa moja kwa moja nitakupeleka kwa sababu tatu tu: fedha hazipo kabisa, au una maradhi yanayohitaji mtu wa karibu, kama pumu au sikoseli, au jamaa mwenyewe ni mtu aliyesoma na nyumba yake ina nafasi. Kama ni msichana na nyumba ina vijana wa kiume wakubwa, basi kuwe na chumba chenye mlango unaofungwa. Bila ya hicho, afadhali kukopa fedha ya dahalia.

Chumba peke yako mwaka wa kwanza, hapana. Hata kama baba ana uwezo.

Mambo ya kutazama baada ya kufika

Kuikumbuka nyumba si ugonjwa. Utalia, utakosa hamu ya kula, utahesabu siku, na baada ya wiki kadha utajikuta umecheka kwa sauti na hukumbuki lini uliacha kuhesabu. Simu husaidia ikiwa na wakati wake: mama anayepiga mara tano kwa siku humrudisha mtoto Pemba mara tano kwa siku. Sisi na mama tulipatana baada ya Isha, na siku ya Ijumaa asubuhi.

Lakini ikiwa unyonge umekaa kutwa nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakina ladha, hata kitu ulichokuwa unakipenda hukitaki, hapo si hamu ya nyumbani tena. Hiyo inaweza kuwa sonona, na sonona ina tiba. Najua kwetu neno la kwanza ni "kapatwa na shetani". Kisomo hakina ubaya, na mimi mwenyewe husomewa. Ila kisiwe sababu ya kumchelewesha mtu kwa daktari. Na jina la Kidongo Chekundu lisimtishe mtu. Ile ni hospitali, ina madaktari wa maradhi ya akili, na kwenda kule kuzungumza na daktari hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu. Anayeona vigumu kuanzia huko, aanzie hospitali ya Mnazi Mmoja au kwa mshauri wa wanafunzi chuoni. Na akianza kusema afadhali asingekuwepo, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe siku ile ile.

Ukitaka kuhama kwa jamaa

Naulizwa sana jambo hili, maana wapo walioshaingia kwa ami au khaloo na wanaona hawawezi kuendelea, lakini wanaogopa kuvunja udugu. Usiondoke kwa kununa wala kwa ujumbe wa simu, na usimwambie shoga yako kabla ya kumwambia mzee wako. Baba ndiye aanze.

Baba yangu alivuka mwenyewe, na pakacha la mabungo na doriani mbili. Alikaa na ami barazani tangu alasiri mpaka magharibi, wakazungumza habari za shamba, za bei ya karafuu, za nani kafa na nani kaoa. Mwisho kabisa akasema: "Mtoto umemlea, Mwenyezi Mungu akulipe. Sasa masomo yamekuwa mazito, anataka kusogea karibu na chuo." Hakusema harusi, hakusema ukumbi, na mambo ya mtandio hakuyajua hata yeye. Ami alinyamaza kidogo, akamwita mke wake, akamwambia: "Huyu anahamia Tunguu. Lakini Ijumaa anakula hapa."

Nilikwenda kila Ijumaa, miaka miwili. Nikichelewa, sahani yangu ilikuwa mezani, na kawa juu yake.